Nani Amekutuma? Juu ya Wale Wanaokuja Kuchukua Watoto



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloleta maneno kati ya wamama na sisi tunaochunga watoto wao. Ni ule wakati wa saa kumi na moja ya jioni, mtu anapofika kwenye mlango wa lupango na kusema: "Nimekuja kuchukua mtoto." Wengi wenu mmetuuliza kwa nini shemeji alikalishwa nje, kwa nini dada alirudishwa mikono mitupu, kwa nini tunaandika saa na jina kama polisi wa barabarani. Maulizo hayo ni ya haki. Tumeona afadhali tujibu kwa maandishi, ili kila mmoja asome kwake kwa utulivu.

Sisi ni wanawake wanne katika komini ya Kikula. Wawili kati yetu ni walimu, na wawili ni wamama wa jirani waliolea watoto wao mpaka wakakomaa. Tunapokea watoto kumi na wanane katika nyumba moja yenye vyumba viwili na baraza. Wengi hawajafika miaka 3, ule umri ambao masomo ya materneli yanaanza kupokea mtoto. Wamama wao wanauza sokoni, wanapanda gari usiku kwenda Kasumbalesa kutafuta bidhaa, wanafanya usafi hospitalini, wanafundisha, wanaosha mawe ya madini. Wanaondoka alfajiri na hawajui saa ya kurudi. Kwa hiyo kila siku kuna mtoto ambaye atachukuliwa na mtu mwingine, na kila siku sisi tunapaswa kuamua kama mtu huyo ndiye.

Wazee wanatuambia kwamba zamani shida hii haikuwa kubwa. Katika kambi za Gécamines kila nyumba ilikuwa na namba, kila baba alijulikana kazini, na mtoto akipotea, mtaa mzima ulijua ni wa nani. Leo Likasi ni mji wa kupita. Tuko kwenye barabara ya taifa namba 1, karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi, na malori ya madini yanayotoka Kolwezi yanapita mchana na usiku. Wapo vijana wanaokuja kuchimba, wapo wafanyabiashara wanaolala siku mbili, wapo wapangaji wapya katika kila lupango. Wengi ni watu wema wanaotafuta chakula. Ila hatuwajui, nao hawatujui.

Hata wale tunaowajua, lugha yetu yenyewe inatufanya tuwapokee haraka. Kwetu ndugu ya baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada ya mama ni mama. Rafiki wa baba aliyefanya naye kazi miaka mitano, naye anaitwa baba mdogo, na mke wake anaitwa tantine. Ni uzuri wa utamaduni wetu, kwamba mtoto hakosi mzazi. Lakini mtu akisimama mlangoni na kusema, "Mimi ni baba mdogo wake," amesema neno ambalo wanaume thelathini wanaweza kulisema bila uongo wowote. Neno hilo halitoshi kumtoa mtoto nje.

Mtu atasema: basi mwombeni karte. Tunaiomba. Hapa kwetu karte ya uchaguzi ndiyo inayotumika kama karte ya utambulisho, na watu wazima wengi wanatembea nayo. Lakini anayechunga watoto anapaswa kujua mipaka yake. Katika karte zilizotolewa wakati wa uandikishaji wa 2022 na 2023, nyingi zilifutika wino kabla hata ya uchaguzi wa Desemba 2023. Picha ikawa kivuli, jina likawa halisomeki. Wengine wameipoteza na wanatembea na cheti cha kupoteza kilichotolewa na komini. Dada wa miaka 15 anayemchukua mdogo wake kila siku hana karte kabisa, kwa sababu hajafika umri wa kupiga kura. Tungesema "bila karte hakuna mtoto," tungemfukuza dada wa kweli na kumpokea mgeni mwenye karatasi nzuri.

Jina nalo halitoshi. Ita Ilunga sokoni, au Ngoy, au Kasongo, au Mwamba, utaona watu wangapi wanageuka. Tena kwetu mtoto mara nyingi habebi jina la baba yake. Anapewa jina la babu, la rafiki aliyesaidia, la shangazi aliyekufa mwaka ule. Kuna watoto wa tumbo moja wenye majina matatu tofauti kwenye karatasi. Kwa hiyo majina yakilingana, hayaonyeshi undugu. Na yasipolingana, hayaonyeshi uongo.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tuwe waangalifu na karte, na tunaisema polepole kwa heshima ya wazee. Katika mji huu kuombwa karatasi si jambo dogo. Wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa Jadotville, babu zetu walitembea na kitabu cha utambulisho mfukoni, na mtu bila karatasi alikuwa mtu wa kukamatwa. Halafu katika miaka ya 1992 na 1993 watu waliulizwa hapa asili ya wazazi wao. Wapo wamama kati yetu wanaokumbuka gare ya Likasi, familia zenye asili ya Kasai zikilala pale na mizigo yao, zikingojea treni. Karte ya uchaguzi inaonyesha pia mahali mtu anapotoka. Ndiyo maana tumekubaliana: tunaangalia picha na jina, basi. Hatuulizi kabila, hatuulizi kijiji, hatuandiki asili ya mtu popote katika nyumba hii. Mgeni atakayesikia harufu ya swali hilo atakuwa na haki ya kukasirika, na sisi hatutaki mtoto yeyote alindwe kwa namna hiyo.

Basi, kama neno la undugu halitoshi, na karte haitoshi, na jina halitoshi, tunafanya nini? Tumejifunza kwamba kwenye mlango yako maswali mawili, nayo hayafanani. Swali la kwanza: wewe ni nani? Swali la pili: nani amekutuma? Karte inajibu swali la kwanza tu. Swali la pili linajibiwa na mzazi mwenyewe, mapema, kabla mgeni hajafika. Mtu anaweza kuwa nani mbele ya serikali, na bado hajatumwa na mtu.

Tukitaka kujua uzito wa swali hilo la pili, tukumbuke habari ya Gemena, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Mwaka 2015 wazazi wa kule waliambiwa kwamba watoto wao wadogo wanaenda kambi ya likizo Kinshasa. Wakawatoa kwa moyo mweupe. Watoto hao walifika Ubelgiji, wakapewa familia kule kama yatima. Familia zilizowapokea hazikujua. Baadaye uchunguzi wa wenye sheria wa Ubelgiji ulionyesha kwamba wazazi wao walikuwa hai hapa Kongo, wakiwangojea. Hatuandiki haya ili kuwatia wamama hofu ya kila mtu anayepita. Tunaandika kwa sababu watoto wale hawakunyakuliwa usiku. Waliondoka mchana, mikononi mwa watu wenye maneno mazuri, na kila aliyewapokea njiani aliamini kwamba aliyekuwa mbele yake ametumwa na mwenye haki. Mnyororo mzima ulikosa mtu mmoja wa kurudi kwa mama na kuuliza: wewe umekubali nini hasa?

Sasa tueleze namna tunavyofanya, ili vikundi vingine vya wamama vinavyochunga watoto nyumbani vichukue kinachofaa na kuacha kingine.

Tuna kaye moja tunayoiita kaye ya mlango. Kila mtoto ana ukurasa wake. Juu kuna jina lake la karatasi na jina analoitwa nyumbani. Chini mama au baba anaandika majina ya watu wasiozidi watano wanaoruhusiwa kumchukua, na kwa kila mmoja: ni nani kwa mtoto, namba ya telefone, na picha ndogo iliyobandikwa kwa gundi. Mzazi anatia sahihi. Mzazi asiyejua kuandika anatuambia, tunaandika mbele yake, tunamsomea, anatia kidole. Kila mwanzo wa mwezi wa tatu tunaomba majina yasomwe tena, kwa sababu maisha yanageuka: dada ameolewa Lubumbashi, yaya aliyekuwa rafiki amekosana na nyumba. Kaye hiyo inalala kwenye sanduku lenye kufuli. Namba za telefone za watu si za kuachwa mezani.

Mtu akija ambaye hayumo kwenye kaye, tunamwita mama kwa namba iliyoandikwa kwenye kaye. Tunarudia hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza: hatupokei telefone ambayo mgeni anatunyoshea akisema, "Huyu hapa mama yake, sema naye." Sauti ya mwanamke kwenye telefone ya mtu mwingine ni sauti ya mwanamke tu. Wala ujumbe wa maandishi kutoka namba mpya hautoshi, hata ukiandika jina la mtoto vizuri. Sisi ndio tunaopiga, kwa namba tuliyopewa na mama mwenyewe.

Lakini tunajua telefone zetu. Umeme unakatika siku nzima, bateri inakufa, reseau inapotea njiani. Kwa hiyo kila nyumba imechagua neno lake la siri, neno dogo la kawaida: samaki wa aina fulani, jina la shangazi, mti wa kijijini. Mama akishindwa kufika, anamwambia neno hilo yule anayemtuma. Neno likitumiwa mara moja linabadilishwa kesho yake. Mama mmoja alicheka sana tulipomweleza, akasema ni mambo ya sinema. Juma lililofuata gari lake lilikufa njiani akirudi Lubumbashi, na neno lake ndilo lililomtoa mtoto kwetu kabla ya usiku.

Hatumtegemei mtoto kama shahidi. Katika masomo ya ualimu tulifundishwa, na kila mama anaona kwa macho yake, kwamba mtoto wa miaka 2 anamfuata anayecheka naye na mwenye biskuti mkononi. Siku nyingine anamlilia baba yake mzazi kwa sababu amenyoa ndevu. Furaha yake haionyeshi kitu, kilio chake vilevile. Ila mtoto wa miaka 4 akikataa kabisa kwenda na mtu ambaye yumo kwenye kaye, hatumlazimishi pale pale. Tunampigia mama na tunamwambia tulichoona, bila kuongeza.

Heshima je? Hapo ndipo wababa wengi wanatulaumu. Kwetu mgeni hahojiwi akiwa amesimama. Ndiyo maana tumeweka kiti na benchi chini ya mwembe, ndani ya mlango wa lupango lakini mbali na mlango wa nyumba. Mgeni anakaribishwa, anakaa, anapewa maji. Maulizo yanakuja baada ya maji. Mmoja wetu anazungumza naye, mwingine anabaki ndani na watoto, mlango umefungwa. Hatumwachi mtu mmoja peke yake kufanya kazi zote mbili. Na tunamwambia kila mgeni maneno yale yale, awe mchimbaji au mchungaji wa kanisa: "Baba, hatukukatai wewe. Tunatunza neno la mama yake."

Mwezi wa kumi na moja mmoja mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, akaja mwanaume wa karibu miaka arobaini, amevaa vizuri, viatu vimejaa matope. Alisema ni baba mdogo wa msichana wetu wa miaka miwili na nusu. Karte yake ilisomeka. Jina lake lilikuwa lile la baba wa mtoto. Alijua jina la mama, avenyu, hata namba ya lupango. Alikuwa na biskuti, na mtoto alipomwona dirishani alicheka. Kwenye kaye kulikuwa na watu watatu, yeye hakuwemo. Telefone ya mama ilikuwa imezimika, alikuwa ameenda Kasumbalesa. Baba alikuwa kazini, mahali ambapo telefone zinaachwa kwenye mlango wa kiwanda. Nyanya hana telefone. Neno la siri mgeni hakulijua.

Tulimpa kiti barazani kwa ajili ya mvua, tukampa chai. Akangoja karibu saa moja. Halafu akasimama akatuuliza kama tunamwona mwizi. Tulimjibu maneno yetu yale. Akaondoka kwenye mvua bila kuaga. Mama alifika saa mbili za usiku, akamkuta mtoto amekula bukari na sombe pamoja nasi, amelala.

Alikuwa baba mdogo kweli. Alikuwa amefika kutoka Kolwezi asubuhi ile, na kaka yake alimtuma kwa mdomo wakati wa kuvaa viatu. Kesho yake baba wa mtoto alikuja akatuambia maneno makali, kwamba tumemfedhehesha ndugu yake mbele ya watu. Kwa majuma mawili mtoto hakuja kwetu. Halafu mama alirudi naye, na mkononi alikuwa na karatasi: majina matano, na picha ya yule shemeji ikiwa ya kwanza. Yeye mwenyewe bado anatusalimia kwa ufupi tukikutana njiani. Tunamwelewa.

Tunaeleza habari hiyo kwa sababu inaonyesha bei ya jambo hili. Kila alichosema mtu yule kilikuwa kweli, na kila alichosema kingeweza kusemwa na mtu mwingine aliyekaa siku mbili katika avenyu yetu na kusikiliza. Kutoka mahali tulipokuwa tumesimama, hao wawili hawakuwa na tofauti. Mama tu ndiye angeweza kuwatofautisha, kwa jina moja zaidi kwenye kaye.

Kuna swali gumu kuliko hilo: baba na mama waliotengana. Mama anatuambia, "Baba yake akija msimpe." Wamama, hapa tunaomba mtuelewe. Code de la Famille inaweka mtoto mdogo chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja. Sisi si korti. Hatuwezi kumnyima baba mtoto wake kwa ugomvi tuliousikia upande mmoja. Kwa hiyo mtoto anapoandikishwa tunaomba wazazi waliotengana waje wote wawili, hata kama ni kwa saa tofauti, waandike siku gani ni ya nani. Wakishindwa, tunawaelekeza kwa wazee wa familia zao. Na kama kuna hatari ya kweli, kipigo au tishio la kumpeleka mtoto mbali, njia ni Mahakama ya Watoto, ambayo iliwekwa na sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Ukituletea karatasi ya hakimu, tutaifuata neno kwa neno. Bila karatasi hiyo, tutakachoweza ni kuwapigia simu nyote wawili kabla mtoto hajatoka, na kuandika saa.

Wapo pia wageni wasiotaka kuchukua mtoto lakini wanataka kuingia. Wachanjaji wa polio wanapita nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni, na tunafurahi wakija, kwa sababu chanjo ni uzima. Mchanjaji wa kweli anafuatana na mjumbe wa afya wa mtaa, yule tunayemwita reko, ambaye tunajua nyumba yake. Anatoa matone mbele yetu, anatia wino kwenye kidole cha mtoto, anaandika, anaondoka. Hahitaji kumpeleka mtoto popote. Mkaguzi au mfanyakazi wa serikali anapaswa kuwa na barua ya kutumwa kazi, yenye muhuri na jina la mkubwa aliyetia sahihi. Tunaisoma yote, na tukiwa na shaka tunamtuma mtu kwa shefu wa kartie. Fundi wa umeme anafanya kazi watoto wakiwa chumba kingine. Na mtu anayesema ni wa shirika la kusaidia watoto, anayetaka kupiga picha na kuandika majina, tunamwambia arudi siku ya mkutano wa wamama. Wengi hawarudi.

Halafu kuna upande mwingine wa mlango, na tusipousema tutakuwa tumewadanganya. Mtoto anaweza kuumizwa na mtu ambaye hakubisha hodi, kwa sababu anaishi ndani. Kaka wa mwenye nyumba, mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana anayechota maji. Kwa hiyo sheria ya kaye inatugusa sisi kwanza. Majina ya watu wote wanaolala katika lupango hii yamebandikwa barazani, na shefu wa avenyu anayo nakala. Hakuna mwanaume wa nyumba, wala mume wa mmoja wetu, wala mwana wetu, anayekaa peke yake na watoto au kuwapeleka chooni. Mama yeyote anaweza kufika saa yoyote bila kutangaza, akaingia mpaka chumba cha kulala. Na kabla hujamwachia mtoto mtu yeyote, sisi tukiwemo, omba karte yake, uliza jirani, uliza mama mwingine aliyemwachia mtoto mwaka jana. Yule anayekasirika kwa kuulizwa hivyo, mchukue mtoto wako urudi naye nyumbani.

Basi tunawaomba nini, wamama?

Kwanza, jumatatu ijayo kila mmoja apite dakika tano kusoma ukurasa wa mtoto wake. Futa aliyeondoka, ongeza aliyefika. Lete picha, hata ile ndogo iliyobaki ya masomo inafaa.

Pili, ukibadilisha namba ya telefone, tupe mpya siku ile ile. Namba iliyokufa kwenye kaye ni sawa na ukurasa mtupu.

Tatu, waeleze ndugu zako kabla. Mwambie shemeji, "Ukifika pale watakuuliza, usikasirike, mimi ndiye niliyewaomba." Neno hilo likitoka kwako lina nguvu kuliko maelezo yetu yote mlangoni. Sisi tukilisema, anasikia wageni wanamhukumu. Wewe ukilisema, anasikia mama anamtunza mtoto wa ndugu yake.

Nne, kama mtoto wako bado hana cheti cha kuzaliwa, nenda komini. Sheria ile ya 2009 inatoa siku 90 tangu kuzaliwa ili mtoto aandikishwe. Kile cheti ndicho kinachosema mama yake ni nani na baba yake ni nani. Mtoto asiyeandikwa popote, anayemchukua anaweza kumpa jina analotaka.

Wamama walio katika komini za Panda, Shituru na Likasi, na ambao wanataka kuanzisha kaye kama hii, watume mtu mmoja kwetu baada ya mkutano wa chama. Tutamwonyesha namna ya kupiga mistari ya ukurasa. Inahitaji kaye moja ya kurasa mia, gundi, na kalamu isiyofutika.